Je, wajua kwa nini kompyuta ya Linux, mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows, hugoma kuwaka baada ya kusasishwa, ilhali data zako zote bado zipo?

Oktoba, minada ya korosho ikikaribia, kompyuta ya chama cha msingi kule Newala au Nachingwea hubeba hesabu za wakulima wengi: kilo zilizopokelewa, stakabadhi za ghala, malipo. Siku inapowashwa na kuganda kwenye maandishi "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs", wengi hukata tamaa. Fundi akija naye husema diski imekufa, mashine ipigwe Windows upya. Ukikubali, umefuta rekodi za msimu mzima bure, kwa sababu ujumbe huo mara nyingi hutokea diski ikiwa nzima kabisa.

Keneli ni programu ya ndani kabisa ya Linux, ile inayoendesha prosesa, memori na diski kwa niaba ya programu nyingine zote. Linus Torvalds aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na mpaka leo matoleo mapya hutoka mfululizo. Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, huweza kupakua toleo la usalama la keneli na kuliweka kimyakimya wakati wewe unaandika barua.

Toleo hilo huja likihitaji mwenzake, faili liitwalo initrd, na hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Keneli hutaka draiva, yaani programu ndogo ya kuendeshea kifaa, ili isome diski, na draiva nyingi zimehifadhiwa kwenye diski hiyohiyo. Ni sawa na funguo za ghala kufungiwa ndani ya ghala. Initrd ni furushi dogo la draiva ambalo GRUB, programu inayoiwasha Linux, hulipakia kwenye memori pamoja na keneli, ili diski ifunguke. Kompyuta yako hulitengeneza furushi hili yenyewe, sasisho likielekea mwisho. Umeme ukikatika wakati huo, unabaki na keneli mpya isiyo na furushi, au yenye furushi nusu.

Sehemu ya diski iitwayo /boot, zinamokaa keneli na mafurushi yake, ikijaa, matokeo ni yaleyale, ila yanachelewa. Mashine huendelea na keneli ya zamani mpaka itakapozimwa na kuwashwa tena, pengine wiki mbili baadaye, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na sasisho.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye Linux huku Kusini alijue: keneli mpya haiwekwi juu ya ile ya zamani. Huwekwa pembeni yake. Ile iliyokuwa ikifanya kazi jana bado ipo, inasubiri kuchaguliwa.

Washa mashine huku umeshikilia Shift kama ni ya zamani. Kama ni ya miaka ya karibuni, gonga Esc mara moja. Ukigonga mara nyingi utaangukia kwenye neno grub> tupu. Usiogope, andika normal, bonyeza Enter, kisha gonga Esc papo hapo. Menyu ikitokea, chagua "Advanced options for Ubuntu", halafu toleo lenye namba ndogo kuliko la juu, lisilo na maneno "recovery mode". Kwa kawaida mashine itawaka kama hakuna kilichotokea. Nakili kwanza nyaraka zako kwenye fleshi, kabla ya kugusa kitu kingine.

Kisha fungua teminali, dirisha la kuandikia amri. Amri df -h /boot itakuonyesha kama nafasi imejaa. Ikiwa imejaa, sudo apt autoremove huondoa keneli kuukuu zisizohitajika. Baada ya hapo, sudo dpkg --configure -a humalizia kazi iliyokatizwa, na kwa kawaida hutumia mafaili yaliyokwisha kushuka, kwa hiyo hata bando likiwa limeisha unaweza kuendelea. Kama furushi bado halipo, andika sudo update-initramfs -c -k ukifuatisha namba ya keneli mpya, halafu sudo update-grub.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii lakini siyo yenyewe: skrini nyeusi bila ujumbe wowote. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukiombwa jina na nywila, keneli imewaka salama. Anayesumbua huenda ni draiva ya kadi ya picha, hasa NVIDIA, ambayo lazima itengenezwe upya kwa kila keneli.

Na ikiwa hakuna toleo linalowaka? Tumia fleshi yenye Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuisakinisha, fungua diski yako na uokoe mafaili. Fleshi ya namna hiyo ikae kwenye droo ya ofisi muda wote. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika, na siku kama hizo mtaalamu wa kutoka mbali hafiki.

Wakati wa minada, ahirisha masasisho mpaka mashine iwe kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba), au betri ya laputopu iwe imejaa. Yakimalizika, iwashe upya papo hapo, ungali na muda wa kurekebisha, badala ya kungoja asubuhi ya malipo.