Mikrosporidia: fangasi anayetibiwa kwa dawa ya minyoo

Ndugu yangu ana VVU na ameharisha mwezi mzima. Daktari ametaja "mikrosporidia". Ni minyoo?

Hapana, ni fangasi, tena mdogo mno, anayeishi ndani ya seli za kiumbe mwingine. Jamii hii ina spishi zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa za wadudu na samaki. Anayesumbua zaidi utumbo wa binadamu ni *Enterocytozoon bieneusi*, aliyegunduliwa mwaka 1985 kwa mgonjwa wa UKIMWI. Mwenye kinga imara huharisha kwa muda, kisha hupona. CD4, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zikishuka sana, kuharisha hakukomi, na mtu hukonda mpaka nguo zinamvuka.

Mbona nilipokuwa chuoni tulifundishwa kuwa ni protozoa?

Ndivyo ilivyodhaniwa. Wa kwanza kupewa jina, mwaka 1857, alitoka kwa viwavi wa hariri. Baadaye wataalamu waliona seli zake hazina mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nguvu, wakasema hiki ni kiumbe cha kale sana. Mwaka 1987 jeni za ribosomu, sehemu za seli zinazotengeneza protini, zikaonekana kuunga mkono wazo hilo, kumbe zilipotosha: jeni za vimelea hawa hubadilika haraka mno, kwa hiyo huonekana wageni hata mbele ya ndugu zao. Miaka ya 1990 watafiti wakasoma jeni nyingine, zikiwemo za protini iitwayo tubulini, nazo zikawaweka upande wa fangasi. Mwaka 2002 yakaonekana hata mabaki madogo ya mitokondria. Hawakuwa wa kale. Walitupa walichokuwa nacho kwa sababu seli wanayoiingilia huwapa karibu kila kitu.

Kuhamishwa ukoo kunamsaidia nini mgonjwa?

Hapa naomba usome taratibu, maana watu hukimbilia fluconazole, dawa ya fangasi, wakisikia neno fangasi. Si tiba yake. Dawa inayotumika ni albendazole, ile ile wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya minyoo. Inashika tubulini, protini ile ile ambayo jeni yake ilisaidia kufichua ukoo wa kimelea hiki. Inafanya kazi vizuri kwa kundi jingine la mikrosporidia, *Encephalitozoon*, lakini kwa *E. bieneusi* mara nyingi hushindwa, kwani tubulini yake ina mabadiliko yanayoikataa dawa. Ndiyo maana kujua ni spishi gani si anasa. Kwa mwenye VVU, kinachosaidia zaidi ni ARV: kinga ikirudi, kuharisha hukoma. Usimnunulie dawa kwa kubahatisha. Mpe maji ya chumvichumvi ya ORS na umrudishe kliniki.

Kipimo cha choo kilisema hakuna kitu. Inakuwaje?

Gawa milimita moja mara elfu; spora yake, yaani chembe ngumu anayoenea nayo, ni kubwa kidogo tu kuliko kipande kimoja cha hapo. Kwa hadubini ya kawaida bila rangi maalumu, mtaalamu wa maabara hupita juu yake bila kuiona. Rangi ya trikromu iliyoboreshwa huionyesha, na PCR, kipimo cha DNA, hutaja spishi. Ndani ya spora kuna mrija mwembamba uliojikunja pete kwa pete. Ukifyatuka, kwa muda usiofika sekunde mbili, unatoboa seli ya utumbo na kumwaga kimelea humo.

Huambukizwaje?

Spora hutoka na kinyesi cha watu na wanyama, zikaingia kinywani kwa maji, chakula au mikono. Klorini haiaminiki sana dhidi yake. Chemsha maji mpaka yatokote, na nawa kwa sabuni ukitoka chooni au bandani.

Nimesikia kuna mikrosporidia kwenye mbu. Tuogope?

Huyo ni mwingine, na habari zake ni njema. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walieleza juu ya Microsporidia MB katika mbu *Anopheles arabiensis* wa Kenya. DNA ndiyo iliyomtambulisha. Mbu jike humrithisha kupitia mayai, na mbu wenye kimelea hiki hawakukutwa na vimelea vya malaria. Sasa wanachunguza kama anaweza kusambazwa makusudi ili kupunguza malaria.