Pedi mpya si breki mpya

Kila baada ya muda mfupi nasikia lile lile: "Fundi, pedi za siku hizi feki. Nimefunga mwenyewe nyumbani, hata mwaka haujaisha zimekwisha." Naomba kwanza nizione zilizotoka. Mara nyingi ya nje bado nene, ya ndani limebaki bati linalokwangua diski. Pedi feki zipo Mbeya, sikatai, lakini feki ingeisha nje na ndani. Ikiisha ya ndani peke yake, shida ni kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski.

Kwenye Corolla za zamani na magari ya aina yake, pistoni iko upande wa ndani tu. Ukikanyaga, inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili na kuivuta ya nje. Pini zikikauka, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inafanya kazi yote, na hata ukitoa mguu inaendelea kulamba diski. Anayepita njia ya Tukuyu kwenye mvua na tope atafika na rimu moja ya moto kuliko ya upande wa pili.

Kwa hiyo usiishie kwenye pedi. Chomoa pini zote mbili. Kimpira kinachofunika pini kikiwa kimechanika utakuta kutu, na grisi imekuwa kama gundi. Safisha mpaka ing'ae, weka kimpira kipya, paka grisi ya silikoni ya breki, kidogo tu. Grisi ya beringi hapana! Inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Pini iingie na kutoka kwa nguvu ya vidole, ikigoma, usifunge.

Wengine huniambia: "Breki hazilii, pedi bado zipo." Pedi nyingi hazina kile kibati kinachopiga kelele zikikaribia kuisha, na kuchungulia kwenye rimu kunakuonyesha ya nje tu. Fungua tairi. Ikibaki chini ya milimita 3 bila kuhesabu bati, badilisha, tena kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande.

Au: "Mafuta ya breki yamepungua, ongeza." Pedi zikilika, mafuta hushuka kwenye kikopo. Ukijaza leo, siku ya kurudisha pistoni ndani ili pedi mpya ziingie yatamwagika na kubabua rangi. Kagua pedi na uvujaji kwanza. Mafuta haya pia hunyonya unyevu: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye 140 hivi. Ukishuka mteremko wa Kitonga mguu umelalia breki, yanachemka na pedeli inazama. Yabadilishe kila miaka 2, na mlimani shuka na gia ndogo.

Vumbi la pedi usilipulize, si kwa mdomo wala kompresa. Za zamani zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Lowesha, futa.

Ukimaliza, kabla gari halijasogea hata kidogo, pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Pistoni uliyoirudisha iko mbali na pedi, mkanyago wa kwanza huzama mpaka chini, na huku kwetu mageti mengi yanafungukia mteremkoni.