Injini kuukuu inakula oili: je, ni kweli ringi zimekwisha?

Kwa miaka mingi jibu nilikuwa nalo mfukoni. Mtu akisema gari lake limeshapita kilomita 200,000, na kila akichomoa stiki anakuta oili imeshuka, sikumwacha hata amalize: ringi zimekwisha, yaani zile pete za chuma zinazoivaa pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda; anza kujichanga ufungue injini. Lilikuwa jibu fupi lenye harufu ya gereji, na hakuna aliyewahi kulipinga. Kisha zamu yangu ikafika.

Injini yangu ilikuwa inameza karibu lita 1 kila kilomita 1,000. Nikaifikisha kwa fundi, hukumu nikiwa nimeshaitoa mwenyewe. Alipozitoa pistoni alichukua ringi ya juu kabisa, akaitumbukiza peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni hadi ikakaa sawa, halafu akaanza kupenyeza vibamba vya kupimia, kimoja baada ya kingine, kwenye mwanya ulio kati ya ncha zake mbili. Ringi si duara kamili. Imekatwa mahali pamoja ili iweze kutanuka, na mwanya huo ndio unaotoboa siri ya umri wake. Alipima, akasogea kwenye mwanga, akapima tena.

"Bosi, hii bado. Iko ndani ya kipimo cha kitabu."

Nilidhani amekosea. Hakukosea, na hesabu yake haihitaji kipaji. Duara likiongezeka nusu kipenyo kidogo, mzingo wake huongezeka mara sita na ushee zaidi. Kwa hiyo ringi ikilika kwa milimita 0.1 tu upande wake wa nje, mwanya hufunguka kwa zaidi ya milimita 0.6. Ulaji ambao jicho haliwezi kuuona kwenye ringi yenyewe hujianika pale penye mwanya. Na kwa kuwa kipimo kinafanyika ndani ya silinda ileile, kuta zake zingekuwa zimelika sana zingejulikana papo hapo. Ringi iliyokwisha haina pa kujificha. Yangu haikuwa na cha kuficha.

Basi oili ilikuwa inakwenda wapi?

Kosa langu lilianzia kwenye jina. Tunasema "ringi" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati pistoni ya gari la kawaida la petroli huwa nazo tatu, na hazifanyi kazi moja. Mbili za juu huzuia moto na gesi visishuke. Ya tatu, iliyo chini yao, huzuia oili isipande. Ya pili husaidia kidogo kukwangua oili, lakini mwenye kazi hiyo ni ya tatu. Mtu anaweza kuwa na mbili za juu zilizo nzima kabisa na bado oili ikamwishia, kwa sababu mlinzi wa lango hilo ni mwingine.

Ringi ya tatu inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Fikiria mtu anayekausha sakafu kubwa kwa ule mpira mrefu wa kusukumia maji. Mpira ukiwa mzuri na mkono ukiwa na nguvu, maji yanasogea mbele na sakafu inabaki na unyevunyevu tu. Ila kuna kitu tunachosahau kukisifia: mfereji. Maji yanayosukumwa lazima yapate pa kwenda. Ziba mfereji, halafu mwambie mtu yuleyule aendelee. Maji yatajikusanya mbele ya mpira, yatainuka, mwisho yatapita juu na chini yake na kurudi yalikotoka. Ukija na kuona sakafu imejaa maji utalaumu mpira. Unaweza hata kununua mpya.

Ndani ya injini, oili hurushwa kwenye kuta za silinda kwa makusudi, kwa sababu bila oili pistoni ingekwama. Pistoni ikishuka, ringi ya tatu huikwangua na kuacha utando mwembamba wa maikroni chache. Hiyo iliyokwanguliwa huingia kwenye mfuo inamokaa ringi, na nyuma ya mfuo kuna matundu madogo yaliyotobolewa hadi ndani ya pistoni. Oili hupita humo na kudondoka kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Matundu hayo ndiyo mfereji. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, kazi hii hufanyika zaidi ya mara 40 kila sekunde, katika kila silinda, kwa miaka.

Sasa ongeza joto. Sehemu ya pistoni zinakokaa ringi hupita nyuzi 200 za Selsiasi bila taabu. Oili iliyochoka, iliyokaa muda mrefu kuliko inavyopaswa, ikifika huko hugeuka kwanza rangi ya vanishi, kisha gundi, kisha mkaa. Hutanda ndani ya matundu na kuyapunguza upana taratibu hadi yanaziba. Ringi yenyewe, ambayo mara nyingi ni vipande vitatu, yaani vibamba viwili vyembamba na springi iliyokunjwakunjwa katikati yake, hugandana na mfuo wake. Springi haisukumi tena. Vibamba havigusi ukuta vinavyopaswa kuugusa. Kuna kichekesho hapo: kwa kuwa haisuguani vizuri na ukuta, ringi iliyonasa haina sababu kubwa ya kulika. Ukiipima unaweza kuikuta na afya tele. Ni mgonjwa asiye na kidonda.

Fundi wangu alijaribu kuizungusha ringi ya tatu kwa ukucha. Ile ya juu ilikuwa imeteleza kama bangili mkononi, lakini hii haikutikisika. "Hii haijaisha, imelala," alisema, nami nikaona ni neno zuri kuliko langu. Kisha akaiinua pistoni kuelekea dirishani. Matundu yalikuwa manane. Mwanga ulipita katika mawili. Akachukua waya mwembamba na kuutia kwenye tundu la tatu. Upande wa pili kikatoka kipande cha ganda la kahawia, kigumu, kikaanguka mezani na kulia kama mchanga.

Kilichonipoteza zaidi ni kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo silinda inaweza kuijenga pistoni ikigandamiza hewa. Kabla ya kufungua tulikuwa tumepima, na silinda zote zikatoa namba nzuri. Kwa akili yangu ya zamani hilo halikuwezekana: oili inapanda, basi ringi hazizibi, basi kompresheni lazima iwe chini. Lakini ringi za juu huziba kwa ujanja wa kupendeza. Springi yao peke yake ni dhaifu mno kuzuia mlipuko. Gesi yenyewe inayojaribu kutoroka huingia nyuma ya ringi, kwenye mfuo, na kuisukuma nje ibane ukuta. Ni kama mlango unaofungwa na upepo uleule unaotaka kupita: upepo ukizidi, mlango nao unazidi kubana. Kompresheni hupima mlango huo na kunyamaza kabisa kuhusu mfereji ulio chini. Tena oili iliyopanda inaweza kusaidia kuziba nyufa ndogo na kuipendezesha namba. Ndiyo maana mafundi wakikuta namba ndogo humimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda sana, hapo ringi za juu zinashukiwa kwa haki.

Kiasi chenyewe nacho kinashangaza. Lita 1 kwa kilomita 1,000 inasikika kama gari linavuja, na bado kuna watengenezaji walioandika kwenye vitabu vyao kwamba kiwango hicho kinavumilika. Gawanya uone. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa safari hiyo ni saa 10, yaani sekunde 36,000. Lita moja ni takriban matone 20,000, na silinda nne zikigawana kila moja inapata 5,000. Ni tone moja kila sekunde saba katika kila silinda, na ndani ya sekunde hizo saba silinda imewaka kama mara 150. Kila mwako, basi, unachoma sehemu moja ya 150 ya tone. Kwa kiasi hicho injini inaweza kula oili bila moshi unaoonekana, hasa kwa gari lenye kataliti nzima kwenye ekzosi, ambayo humalizia kuunguza masalia. Si kwamba kataliti inafurahia; fosforasi iliyomo kwenye oili huidhoofisha kadiri siku zinavyokwenda.

Siku hizi mtu akiniletea swali hili, namuuliza kwanza moshi unatoka saa ngapi. Moshi wa buluu unaofuka sekunde chache tu asubuhi, kisha ukakata, huelekeza kwenye sili za valvu. Hizo ni vimpira vidogo vinavyovaa shina la valvu juu ya kichwa cha injini. Joto la miaka huvifanya vigumu kama ukanda ulioachwa juani, na usiku oili hutiririka kando ya shina na kusubiri ndani. Sili hizohizo hujitaja ukishuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, kisha ukakanyaga ghafla: injini ilikuwa inavuta hewa kwa nguvu, ikavuta na oili. Moshi unaoendelea wakati wote injini ikibeba mzigo ndio unaonukia ringi. Hizi ni dalili tu, na injini moja inaweza kuwa na magonjwa mawili. Kuna pia valvu ya kupumulia injini, kidude kidogo kinachotoa mvuke wa ndani na kuurudisha kwenye njia ya hewa. Kikinasa wazi huvuta ukungu wa oili, na kikiziba, presha husukuma oili nje kupitia sili. Kukibadilisha ni kazi ya dakika chache. Inauma kugundua hivyo baada ya kufungua injini nzima.

Dawa maarufu kuliko zote ni oili nzito. Ina ukweli ndani yake. Injini iliyolika ina nafasi kubwa zaidi kwenye beringi, na oili nzito kidogo inaweza kushikilia presha, hata kupunguza inayopita kwenye sili. Lakini rudi kwenye matundu yaliyokwisha kuwa membamba. Oili nzito hupita humo kwa shida zaidi, hasa injini ikiwa baridi. Mahali ambapo tatizo ni mfereji, kuongeza uzito wa maji si hoja yenye nguvu. Zile oili zilizoandikwa kuwa ni za magari yaliyotembea sana huwa na viungo vya kulainisha na kuvimbisha kidogo mipira iliyokauka, kwa hiyo zina nafasi kwa sili kuliko kwa ringi iliyogandana.

Dawa ya pili ni kumimina kiyeyusho kwenye matundu ya plagi na kukiacha usiku kucha kilainishe mkaa. Ushahidi wake ni wa masimulizi zaidi kuliko vipimo: wako waliopona, wako waliobaki vilevile, na inaonekana kuzaa matunda zaidi mkaa ukiwa bado gundi. Anayejaribu asirudishe plagi kabla hajazungusha injini ikatema kilichobaki. Kimiminika hakigandamiziki, na pistoni ikikikuta kimejaa juu yake, kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Baada ya hapo oili yote imwagwe, maana kiyeyusho kimeshashuka kwenye sampu.

Umri nao si mkosaji pekee. Ili kupunguza msuguano na kubana matumizi ya mafuta, watengenezaji walilegeza springi za ringi, na baadhi ya injini zikaanza kunywa oili zikiwa bado changa. Toyota ilipata malalamiko mengi kuhusu injini yake ya 2AZ-FE, hadi nchini Marekani ikaanzisha mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa magari yaliyohusika. Walibadilisha pistoni pia. Ringi mpya kwenye pistoni yenye mfereji uleule zingekuwa ule mpira mpya juu ya sakafu ileile.

Jambo moja dogo ambalo naona watu wengi wanalikosea kama nilivyokosea ringi: taa nyekundu ya oili haipimi kiasi, inapima presha. Injini yenye oili lita 4 inaweza kupoteza nyingi kabla taa haijashtuka, na ikishtuka beringi zimeshaanza kusagana. Njiani kote oili iliyobaki, kwa kuwa ni kidogo, imekuwa ikichemka zaidi, ikichoka haraka na kuzalisha mkaa mwingi kwa ajili ya matundu yaleyale.

Yangu fundi aliiloweka pistoni, akayazibua matundu yote manane, akafanya hivyo kwa zile tatu nyingine. Tuliweka ringi mpya pia, kwa kuwa injini ilikuwa imeshafunguliwa na zile za tatu zilivunjika wakati wa kuzitoa. Za juu zilitoka nzima. Nimezitundika kwenye msumari, na mwanya wake bado uko ndani ya kipimo cha kitabu.