Je, wajua? Vyoo vya jela na fedha za umma kwa biashara za wachache Marekani

Mwaka 1983 mji wa Richmond, jimbo la Virginia, ulitangaza zabuni ya kufunga vyoo vya chuma kisichoshika kutu katika jela yake. Aliyejitokeza ni mmoja tu, kampuni ya mabomba iitwayo J.A. Croson, kwa bei ya dola 126,530. Lakini mwaka huohuo baraza la mji lilikuwa limepitisha sharti: kila mkandarasi mkuu apeleke angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi kwa biashara zinazomilikiwa na jamii za wachache, kama vile weusi.

Croson ikatafuta mtu wa kuiuzia vyoo hivyo, ikampata mfanyabiashara mweusi wa hapohapo Richmond. Naye ilibidi kwanza aulizie bei kwa mawakala wa viwanda. Wa kwanza alikataa kumpa bei kwa kuwa alishampa Croson moja kwa moja. Wa pili akasema sawa, ila tukuchunguze kwanza kama unakopesheka, na uchunguzi huo utachukua si chini ya siku 30. Zabuni haisubiri siku 30. Bei ilipopatikana hatimaye ilikuwa juu; Croson ikaomba iongezewe dola 7,663 hivi, mji ukakataa na kusema kazi itatangazwa upya. Kampuni ikaenda mahakamani.

Wengi wanaosimulia kesi hii huzungumzia asilimia 30 tu. Mimi huvutwa zaidi na zile siku 30, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la swali ambalo watu huuliza sana: kwa nini serikali itoe fedha au kazi maalumu kwa biashara za kundi fulani, wakati soko liko wazi kwa wote?

Soko liko wazi, ila huingii mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi, na Marekani kinachoujaza mkono wa mfanyabiashara mdogo mara nyingi ni nyumba yake, anayoiweka rehani apate mtaji. Sasa, katika miaka ya 1930 wakala wa serikali ya shirikisho ulichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyoonekana hatari kukopesha, na karibu mitaa yote ya weusi ilipakwa. Asiyepata mkopo wa nyumba hakuwa na nyumba ya kuweka rehani, na mwanawe hakurithi kitu. Wanawake nao walikuwa na kisa chao: hadi sheria ya mwaka 1988, benki katika baadhi ya majimbo ziliweza kumtaka mwanamke aliyeomba mkopo wa biashara alete mwanamume wa ukoo atie saini.

Aliyeanzisha ofisi ya shirikisho ya kushughulikia jambo hili si mtu ambaye wengi wangemkisia. Ni Richard Nixon, rais wa chama cha Republican, kwa amri aliyoisaini Machi 1969, chini ya mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa na miji kuwaka moto. Mwaka 1977 mbunge Parren Mitchell wa Maryland akafanikiwa kuingiza katika sheria ya ujenzi wa umma, yenye dola bilioni 4, sharti kwamba asilimia 10 iende kwa biashara za wachache. Richmond iliiga hapo, ila ikaongeza kiwango.

Na usidhani serikali humwaga fedha taslimu. Ruzuku ya bure ni sehemu ndogo. Mara nyingi serikali huidhamini benki ili ikubali kukopesha, au huweka mtaji katika taasisi ndogo za mikopo zilizo karibu na mitaa iliyosahauliwa, au humpa mfanyabiashara kazi. Mpango mashuhuri zaidi, unaoitwa 8(a) kutokana na kifungu chake cha sheria, humruhusu mwenye biashara aliyekwamishwa na ubaguzi kushindania kandarasi zilizotengwa kwa muda usiozidi miaka 9, kisha anatoka. Lazima amiliki angalau asilimia 51 ya kampuni, na aiendeshe mwenyewe.

Kwa nini fedha zisitolewe kwa wote bila kuuliza nani ni nani? Zilijaribiwa hivyo Aprili 2020, wakati wa korona. Dola bilioni 349 za mikopo ya dharura zilipitishwa kwenye benki, na zikaisha kwa siku 13. Benki nyingi zilianza na wateja waliokuwa na akaunti na mikopo kwao tayari, na wenye biashara ndogo wasio na historia hiyo walikuta hazina imekauka. Ni zile siku 30 za Richmond, zimerudi kwa sura nyingine.

Mahakama ya Juu iliamua kesi ya vyoo Januari 1989, na mji ukashindwa kwa majaji 6 dhidi ya 3. Richmond ilikuwa imeonyesha kwamba weusi ni nusu ya wakazi lakini biashara za wachache zilipata chini ya asilimia 1 ya kandarasi kuu za mji. Jaji Sandra Day O'Connor alisema ulinganisho huo hautoshi kuthibitisha ubaguzi: usihesabu wakazi, hesabu makampuni yenye uwezo wa kufanya kazi hiyo. Tena orodha ya walionufaika ilitaja hata Waeskimo na Waaleuti, watu wa Alaska, ambao huenda hawajawahi kuishi Richmond. Hapo, kusema kweli, mji ulijifunga goli wenyewe. Orodha ilinakiliwa bila kufikiri.

Tangu hapo miji na majimbo hulipa wataalamu wahesabu kwanza: makampuni mangapi yapo, ya nani, yanapata kazi kiasi gani. Mji usio na hesabu hizo hauwezi kuutetea mpango wake mbele ya jaji.

Mabishano hayakuisha. Julai 2023 jaji wa shirikisho huko Tennessee alizuia mpango wa 8(a) kuchukulia moja kwa moja kwamba mtu wa kundi fulani amebaguliwa. Maelfu ya wenye biashara waliokuwa wameingia kwa njia hiyo wakatakiwa kuandika maelezo binafsi: tukio gani lilimpata, lini, wapi, nani alihusika, na lilimharibiaje biashara. Yule muuzaji wa vyoo wa Richmond angekuwa na la kuandika, ingawa angepata tabu kuthibitisha kama wakala alimtilia shaka kwa rangi yake au kwa udogo wa duka lake.