Mafua ya aleji Arusha: je, vidonge vya lishe vinatibu?

Kila Oktoba mijakaranda ikichanua napiga chafya hadi machozi yananitoka. Ni hayo maua?

Pengine unayasingizia. Chavua ya mjakaranda hubebwa zaidi na nyuki. Inayopeperushwa na upepo hadi puani ni ya nyasi, nazo hushamiri baada ya masika. Oktoba kuna pia vumbi la kiangazi, linaloikera pua ambayo tayari ina aleji. Angalia chafya zinaanza wapi: barabarani, shambani au kitandani. Zikianza kitandani, na mwaka mzima, shuku vijidudu vya vumbi kwenye godoro na mito.

Nimeshauriwa vitamini C. Nimeze ngapi?

Mama mmoja aliniwekea makopo matatu mezani: vidonge vya miligramu 1000, vya kuyeyusha kwenye maji vya 1000, na "vya kinga" vyenye 500 ndani yake. Alikuwa anameza vyote kila siku. Jumla ni 2500, na kikomo cha mtu mzima ni 2000 kwa siku. Tumbo lilikuwa linamwendesha, naye akidhani ni chakula. Ukizidisha, hatari ya mawe kwenye figo nayo inapanda.

Mwanamke mzima anahitaji miligramu 75 kwa siku, mwanaume 90. Pera moja la kutoka soko la Kilombero linatosha. Na hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba vidonge hivyo vinatuliza aleji. Inaniuma kuona mtu anamaliza hela ya dawa kwenye makopo.

Na spirulina, kwesetini, asali?

Spirulina ni mwani wa jamii moja na ule wanaokula heroe wa Ziwa Natron. Majaribio madogo yameonyesha unapunguza kamasi na chafya, ila bado ni machache. Usiuchote ziwani mwenyewe, kwa sababu kuna mwani mwingine wenye sumu. Kwesetini, kemikali ya mimea, imo kwenye vitunguu unavyokula kila siku. Kwenye maabara huzuia histamini, kemikali ya mwilini inayoleta chafya na kuwasha; kwa binadamu ushahidi ni mdogo.

Asali ni tamu, lakini nyuki hukusanya zaidi chavua ya maua, si ya nyasi zinazokusumbua. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Chavua ya nyuki inayouzwa kama lishe nayo iogope: mwenye aleji anaweza kuvimba koo.

Kipi basi kinasaidia?

Dawa ya steroidi ya kupulizia puani ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini itumie kila siku; nafuu kamili huja baada ya siku kadhaa. Inamisha kichwa kidogo, elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, usije ukatoka damu. Vidonge vya aleji kama setirizini au loratadini husaidia chafya na macho kuwasha. Piritoni inasinzisha, hivyo dereva wa bodaboda asiimeze akiwa kazini.

Ukirudi na vumbi, safisha pua: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Dawa za matone za kuzibua pua usizidishe siku tano, zitaiziba upya.

Kifua kikibana au kikitoa mlio kama filimbi, hiyo inaweza kuwa pumu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na makopo yako ubebe, daktari ayaone.