Mkamba: Makohozi ya Kijani Hayadai Antibiotiki

Mafua yamekwisha, homa imeshuka, lakini kifua kimejaa na kikohozi kimegoma kuondoka. Mara nyingi huo ni mkamba: mirija inayopeleka hewa mapafuni imevimba kwa ndani na inatoa ute mwingi, nao mwili unakohoa ili kuutoa.

“Makohozi yakiwa ya kijani ni bakteria, nipe antibiotiki.” Sijui dhana iliyo sugu kuliko hii. Rangi hiyo hutokana na kimeng’enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu, na chembe hizo huja kupigana hata kama adui ni virusi. Zaidi ya asilimia 90 ya mkamba wa ghafla huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haziviui. Wagonjwa waliopewa dawa hizo walipolinganishwa na wasiopewa, kikohozi kilifupika kwa takriban nusu siku tu, huku kichefuchefu, kuharisha na vipele vikiongezeka. Tatizo ni kwamba mtu huzimeza siku ya 10, anapona siku ya 17, kisha anaapa kuwa dawa ndiyo iliyomponya. Angepona tu.

“Kikohozi kikipita wiki moja, hali imeharibika.” La. Kwa wastani hudumu kama siku 18, hata homa ikiwa imeondoka siku nyingi. Hata hivyo usikae tu ukihesabu siku: palipo na kifua kikuu kwa wingi, aliyekohoa wiki mbili anastahili kupimwa makohozi, na popote pale, kikipita wiki tatu nenda ukachunguzwe.

Usisubiri hata siku moja ukiona damu kwenye makohozi, ukihema haraka au kwa shida, ukichomwa kifuani unapovuta pumzi, au mzee akianza kuchanganyikiwa. Homa kali isiyoshuka nayo inatia shaka. Hiyo yaweza kuwa nimonia. Watoto wachanga, wajawazito na wenye pumu au ugonjwa wa moyo wawahi zaidi.

Kuhusu wanaosema baridi ndiyo huleta mkamba: baridi haizai virusi. Hewa baridi huweza kuchokoza mirija ambayo tayari imewashwa, basi.

Nyumbani, pumzika, kunywa vya kutosha, tumia parasetamoli kwa homa na maumivu. Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi kweli, ila asipewe kamwe mtoto wa chini ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopooza misuli. Dawa za maji za kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari nazo si za watoto wadogo. Na kujifukiza? Kunaweza kukupa nafuu kidogo, lakini sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto ni ajali inayosubiri.

“Kikohozi cha mvutaji ni cha kawaida.” Kimezoeleka, si cha kawaida. Anayekohoa makohozi miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo, bila sababu nyingine, ana mkamba sugu. Sigara ndiyo chanzo kikuu, na moshi wa kuni ndani ya nyumba una sehemu yake. Wengi wanaoacha kuvuta huona kikohozi kikipungua, hata kama mirija iliyokwisha kuharibika hairudi kama ilivyokuwa.