Mstari wa 21 umekwenda wapi?

Tulikuwa kwenye jumuiya, huku juu ya Moshi, wiki ya maombi ya kufunga. Mzee wa kanisa alisoma Mathayo 17 kutoka Biblia yake ya Union, ile nyeusi iliyochakaa pembeni. Alipofika "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga," binti mmoja wa kipaimara aliyekuwa akifuatilia kwenye simu akainua kichwa. "Samahani baba, kwangu hakuna 21. Inatoka 20 inaenda 22."

Mama mmoja akasema kile ambacho wengi tumekipokea kwenye WhatsApp: "Si tuliambiwa? Wanalifuta Neno kidogo kidogo."

Nafundisha kipaimara, na swali hili hunijia kila mwaka. Silipuuzi hata kidogo, kwa sababu anayeliuliza ni mtu anayelipenda Neno na anaogopa kunyang'anywa.

Dhana: Biblia mpya zimefuta mistari.

Ukweli: Mathayo hakuandika namba. Namba za mistari ya Agano Jipya tunazozitumia ziliwekwa na Robert Estienne, mpiga chapa Mfaransa, katika chapa yake ya Kigiriki ya mwaka 1551. Maneno haya yalikuwamo katika maandishi aliyochapa, yakapata namba 21. Baadaye wataalamu wakalinganisha nakala za zamani zaidi, hasa Codex Vaticanus na Codex Sinaiticus, zote za karne ya 4, wakaona hazina maneno hayo mahali hapo. Mtafsiri anayezifuata hawezi kuhesabu upya sura nzima. Marejeo ya dunia nzima yangevurugika. Anaiacha namba iruke na mara nyingi anaeleza kwenye tanbihi. Tatizo la simu ni kwamba tanbihi haionekani mpaka uguse kialama kidogo ambacho wengi hatukijui.

Yaliingiaje, basi? Wanakwaya watanielewa haraka. Wimbo mpya ukifika, kila mtu anaunakili kwenye daftari lake kutoka kwa mwenzake. Baada ya mwaka, daftari moja lina neno lililorukwa, jingine lina mstari wa pambio uliotoka wimbo mwingine unaofanana, kwa sababu mwandishi alikuwa anaukumbuka kichwani. Hakuna aliyetaka kuharibu wimbo. Mwalimu wa kwaya akitaka kujua ulivyokuwa, anakusanya madaftari yote, anatazama lipi lilinakiliwa mapema na lipi kutoka lipi. Ndivyo ilivyo hapa. Habari hiyohiyo ya kijana mwenye pepo imo katika Marko 9, na mstari wa 29 unataja kuomba. Nakala nyingi za Marko zinaongeza na kufunga. Inaelekea mnakili aliyemjua Marko kwa moyo alimkamilishia Mathayo.

Na kufunga hakujaondoka. "Tena mfungapo," Mathayo 6:16, ipo katika tafsiri zote nilizowahi kushika. Matendo 13 kanisa la Antiokia linafunga na kuomba kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli.

Lakini sitaki kuwadanganya wanafunzi wangu kwamba kila swali ni jepesi. Matendo 8:37, ungamo la towashi Mwethiopia, halimo katika nakala za zamani zaidi tulizo nazo, na hata hivyo Irenaeus, askofu wa kanisa la kale, alilinukuu katika karne ya 2. Mstari unaweza kukosekana katika nakala kongwe na bado ukawa na historia ndefu.

Dhana: Union ndiyo Biblia ya Kiswahili ya asili, nyingine ni za juzi.

Ukweli: Krapf, mmisionari Mjerumani, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka 1844, mwaka aliofika Mombasa, na mwaka huohuo Tischendorf, mtaalamu wa nakala za kale, alikuwa Sinai akitazama kurasa za kwanza za ile Sinaiticus. Agano Jipya la Askofu Steere, kwa Kiunguja, lilitoka 1879. Biblia nzima 1891. Mombasa wakawa na yao kwa Kimvita, 1914. Kisha Karl Roehl, naye mmisionari Mjerumani, akatoa Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Kuhani akawa mtambikaji, nabii akawa mfumbuaji. Walutheri wengi waliitumia. Union ikaja 1952 ili watu wa tafsiri hizi zote wasome kitabu kimoja. Jina lenyewe linasema hivyo. Naipenda Union kuliko zote, Zaburi ya 23 siijui kwa maneno mengine. Ila aliyezoea "Mfumbuaji Yesaya" naye alihisi amebadilishiwa Biblia.

Dhana: King James, Biblia ya Kiingereza ya 1611, ndiyo kipimo cha kila tafsiri. Hii huja na wahubiri wageni kwenye semina, Arusha hasa.

Ukweli: watafsiri wake wenyewe waliandika pembeni ya Luka 17:36 kwamba mstari huo haumo katika nakala nyingi za Kigiriki. Hawakuona aibu kusema. Na Erasmus, mwanazuoni Mholanzi ambaye chapa yake ya Kigiriki ya 1516 ndiyo chimbuko la maandishi waliyoyatumia, alikosa ukurasa wa mwisho wa Ufunuo, akaurudisha kwenye Kigiriki kutoka Kilatini.

Dhana: kama nakala zinatofautiana, basi Neno limepotea.

Ukweli: nakala za mkono za Agano Jipya la Kigiriki zinazidi 5,000, na tofauti nyingi ni za tahajia na mpangilio wa maneno. Kwa Agano la Kale, gombo la Isaya lililopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 lilitangulia nakala kamili za Kiebrania zilizotumika hadi wakati huo kwa takriban miaka 1,000, na Isaya ni yuleyule tunayemsoma.

Usiku ule nilimwomba mzee aitazame tena Biblia yake. Akavaa miwani. Katika Union yake, mstari wa 21 umo ndani ya mabano ya mraba, kama ilivyo Matendo 8:37, na kama yalivyo yale maneno ya mashahidi wa mbinguni katika 1 Yohana 5. Waliotafsiri Union walijua, wakatuwekea alama.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ni chapa mbaya."

Akamgeukia binti. "Mwanangu, hebu gusa hicho kialama utusomee." Akagusa, akasoma tanbihi yote kwa sauti. Kisha tukaendelea na mstari wa 22, na kesho yake tukafunga kama tulivyopanga.